Rekodi za Bandama, Mtunza Chuma cha Mwili

Bandama ya mtu mzima ina uzito wa gramu 150 hadi 200 hivi. Imelala ubavuni kushoto, chini ya ubavu wa 9 hadi wa 11, na kwa ukubwa inakaribia ngumi ya mwenye nayo. Wengi wetu tunaijua buchani tu, ikiwa imechanganywa kwenye fungu la matumbo na maini. Lakini katika mfumo wa limfu hakuna kiungo kikubwa kuishinda, na hiyo ni rekodi yake ya kwanza tu. Zinazonivutia zaidi ni zile zinazohusu damu na madini ya chuma, kwa sababu sisi tunaoishi na malaria tunaihitaji bandama kuliko watu wengi duniani.

Tuanze na njia nyembamba. Hakuna mahali mwilini ambapo seli nyekundu ya damu hubanwa kama ndani ya bandama. Seli hiyo ina upana wa mikrometa 7 hadi 8, ilhali nyufa zilizomo kwenye kuta za vijia vya bandama mara nyingi hazifiki hata mikrometa 1. Seli changa ni laini, hujikunja ikapenya. Iliyozeeka, baada ya siku 120 hivi, imekakamaa. Hukwama hapo, na seli walaji ziitwazo makrofaji huimeza. Na bandama ina ufundi mwingine ambao hadi leo unanistaajabisha: huweza kunyofoa kimelea cha malaria kutoka ndani ya seli nyekundu, kisha ikaiachia seli iendelee na safari. Mgonjwa anapochomwa sindano za artesunate, dawa inaua vimelea, na sehemu kubwa ya usafi unaofuata hufanywa namna hii. Seli zilizonyofolewa hazidumu sana, ndiyo maana baadhi ya waliougua malaria kali hupungukiwa damu wiki kadhaa baada ya kupona. Ukiambiwa urudi kupimwa damu, rudi.

Sasa chuma chenyewe. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za madini haya, na karibu theluthi mbili zimo ndani ya himoglobini. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban seli nyekundu milioni 2 kila sekunde, na kwa kazi hiyo unahitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa siku. Chakula cha siku nzima, hata kikiwa na mchicha, dagaa na maharage, huuingizia mwili miligramu 1 au 2 tu. Zinazobaki hutoka kwenye seli zilizokufa: makrofaji za bandama, zikisaidiana na za ini na za uboho, huvunja himoglobini, huchomoa chuma na kukirudisha kwenye damu. Mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi, kwa hiyo mizani yote husimama kwenye kuingiza na kuhifadhi. Anayeishika mizani hiyo ni homoni ya ini iitwayo hepsidini. Maambukizi yakiingia, hepsidini hupanda na chuma hufungiwa ndani ya makrofaji ili vijidudu visikipate. Mtu anayeugua muda mrefu anaweza kupungukiwa damu huku akiba ya chuma imejaa.

Hapa ndipo Pemba inapoingia katika historia ya tiba. Jaribio lililofanyika kisiwani humo na kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet lilikuwa na watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa chini ya miaka 3, sehemu yao wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwaka 2003 dozi za chuma zilisitishwa kabla ya wakati. Waliozitumia walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Ila watoto waliopimwa wakakutwa na upungufu wa chuma, na malaria yao ikatibiwa, walinufaika. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilitaka tahadhari katika nchi zenye malaria. Kwa maoni yangu, dawa ya maji ya kuongeza damu isinunuliwe duka la dawa kwa kumtazama mtoto macho tu. Apimwe kwanza.

Kwa kuhifadhi damu, bandama ya binadamu haifui dafu mbele ya wanyama. Farasi akitimka, bandama yake hujikamua na kuongeza seli nyekundu katika damu kutoka asilimia 40 hivi hadi zaidi ya 60. Sili wa Weddell wa Antaktika hutumia akiba kama hiyo kupiga mbizi kwa zaidi ya saa nzima. Walioukaribia ufundi huo ni Wabajau wa Indonesia, wazamiaji wa vizazi na vizazi. Utafiti wa mwaka 2018 uliwakuta na bandama kubwa kwa asilimia 50 hivi kuliko majirani zao Wasaluan, hata wale Wabajau wasiozamia.

Bandama zilizovimba kupindukia, hata hivyo, zinatoka kwetu. Mkutano wa malaria uliofanyika Kampala mwaka 1950 ulipanga maeneo kwa kuminya matumbo ya watoto wa miaka 2 hadi 9: wenye bandama zilizovimba wakizidi asilimia 75 daima, eneo liliwekwa daraja la juu kabisa la maambukizi. Kwa watu wazima wachache, mwili hupambana na malaria kupita kiasi mpaka bandama ikavuka kitovu, ikawa na kilo kadhaa. Tiba yake ni dawa za kuzuia malaria kwa miezi mingi.

Ndogo kuliko zote ni ya mgonjwa wa selimundu. Seli nyekundu zilizopinda kama mundu huziba mishipa yake, na wengi huwa wameipoteza kabla ya kutimiza miaka 5. Kinachobaki ni kovu la gramu chache. Tanzania imo katika nchi zinazoongoza kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Bila bandama, bakteria wa nimonia wanaweza kuua kwa saa chache, kwa hiyo watoto hawa hupewa penisilini kila siku na chanjo zote. Lakini kabla haijanyauka, bandama inaweza kuvimba ghafla na kumeza sehemu kubwa ya damu ya mtoto. Mama hufundishwa kliniki kuweka vidole chini ya mbavu za kushoto, mtoto akiwa amelala chali na kuvuta pumzi, ili ajue ukingo wa bandama ulipo siku za kawaida. Akiikuta imeshuka kuliko jana, na viganja vya mtoto vimepauka, asisubiri kukuche: mtoto anahitaji kuongezewa damu usiku huohuo.