Umeanza na mtaji wa shilingi ngapi?

Swali hilo halikwepeki. Mfanyabiashara yeyote wa Nyanda za Juu Kusini aliyewahi kuhojiwa, awe na duka la pembejeo Uyole au karakana ya samani Mafinga, ameshaulizwa. Baada yake huja mengine matatu: unakutana na changamoto gani, unawaambia nini vijana, na una ombi gani kwa serikali. Nimeyauliza mwenyewe kwa miaka mingi, na bado naumia nikiona yanavyowashtua watu. Mtu anayejua bei ya gunia la viazi ya juzi, jana na leo anasimama mbele ya kipaza sauti na kusahau hata mwaka aliofungua duka.

Huku kwetu wengi hawafanyii mahojiano ya kwanza studio. Wanaanzia kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, wiki ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Agosti, baridi ya asubuhi ikiwa bado haijaachia. Mwaka 2022 na 2023 maonyesho yalikuwa ya kitaifa, Rais Samia Suluhu Hassan akaja, na waandishi tukajaa kuanzia lango kuu hadi mabanda ya mifugo. Ndipo mjasiriamali aliyekuja kuuza pakiti 40 za unga anajikuta anazungumza na nchi nzima, bila kupewa hata nusu saa ya kujiandaa.

Namkumbuka mama mmoja wa Mwanjelwa, muuza unga wa lishe. "Shikamoo mama, tunaomba dakika tano." "Marahaba mwanangu, karibu." Kabla sijawasha kinasa sauti alinisimulia jinsi mjukuu wake alivyokuwa akitema uji, jinsi alivyogundua kwamba soya isipokaangwa vizuri huacha harufu mbichi, na jinsi majirani walivyoanza kuja na vibakuli vyao kuonja. Nilisimama pale nikisikiliza kwa raha. Nilipowasha tu, sauti ikabadilika. "Katika suala zima la ujasiriamali, sisi kama akina mama tumejipanga kuhakikisha kwamba tunaunga mkono juhudi..." Mjukuu akatoweka, soya ikatoweka, vibakuli vikatoweka. Niliporudi chumba cha habari sikuwa na sentensi hata moja ya kuandika kuhusu unga wake.

Naamini hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mahojiano ya kwanza, kubwa kuliko woga. Watu wetu wamesikia hotuba nyingi mno redioni hata wakadhani redio ina Kiswahili chake. Haina. Kiswahili unachomuuzia mteja pale Soko la SIDO jijini Mbeya ndicho msikilizaji anachokitaka. Na kama unazungumza ukiwa Iringa, anza na "kamwene", salamu ya Kihehe. Aliyeko Kilolo au Mufindi ataongeza sauti ya redio. Maandalizi ya kweli ni kumkalisha jirani au binti yako jikoni, umweleze biashara yako kwa dakika mbili, kisha yeye akurudishie. Atakachokumbuka ndicho cha kupeleka hewani. Alichosahau, kiache.

Pale Iringa mjini kuna Neema Crafts, mradi wa kazi za mikono wa watu wenye ulemavu ulio chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ulianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi. Baadaye ukawa na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, na mteja huandika kwenye karatasi anachotaka kula. Hadithi hiyo imeingia kwenye sentensi tatu tu, na wewe unaweza kumsimulia mwenzako leo bila kukosea. Biashara yako nayo ina sentensi zake tatu. Zitafute kabla mwandishi hajazitafuta yeye.

Baada ya hadithi, hesabu. Hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Mwenye karakana anaulizwa, "Kwa mwezi unaingiza kiasi gani?" Kwa furaha anajibu, "Milioni 20." Alichotaja ni mauzo ya mwezi mmoja wa neema, kabla hajatoa bei ya mbao, vanishi, umeme, kodi ya pango na posho za mafundi. Waliomsikia wamesikia faida. Ndugu wamesikia faida, na jioni simu zinaanza: ada ya shule, msiba, mkopo mdogo tu. Naye ofisa wa kodi akizidisha kwa miezi 12 anapata milioni 240, juu ya kile kiwango cha milioni 200 kwa mwaka kilichowekwa mwaka 2023 kwa wanaotakiwa kusajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Sisemi mtu afiche. Kodi ilipwe, na ukweli usemwe. Ila kila namba itajwe kwa jina lake: haya ni mauzo, hii ni faida, huu ni msimu wa mavuno na ule ni wa njaa. Na kama hutaki kutaja kipato chako, una haki ya kukataa kwa upole. "Hilo naliacha kwa leo, lakini naweza kukwambia nimeajiri watu sita" ni jibu kamili. Kilicho kibaya ni kubuni.

Kubuni kwingine huja kwa mapenzi ya bidhaa. "Unga wetu unatibu sukari na presha." Tafadhali, usiseme. Sema umetengenezwa na nini, na wateja wanaupikaje. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa ubora wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na neno "unatibu" likishatoka hewani halirudi. Vilevile, kama maombi yako ya alama ya ubora hayajajibiwa, usidai umethibitishwa, sema, "Tumeomba, tunasubiri." Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, huhudumiwa na TBS bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuona aibu kusema uko hatua gani. Muuza mchele naye achunge ulimi. Ukitangaza kwamba wote ni wa Kyela ilhali nusu umeuchukua Mbarali, kumbuka kwamba Kyela nako wanasikiliza.

Kuhusu swali la changamoto, jiandae kwa jambo moja unalolijua vizuri: barabara ya kijijini inayokatika masika, umeme, vifungashio vinavyoagizwa Dar es Salaam. Usimtaje mshindani wako kwa jina. Usimtaje ofisa wa halmashauri mliyekosana wiki iliyopita.

Mwandishi akikupigia kuomba miadi, nawe muulize. Mahojiano ni ya moja kwa moja au yanarekodiwa? Dakika ngapi? Nani mwingine atakuwepo? Wasikilizaji watapiga simu? Iwe ni Bomba FM ya Mbeya, Ebony FM ya Iringa au Chai FM kule Tukuyu, hayo ni maswali ya kawaida na hakuna atakayekuona msumbufu. Akija kazini kwako, mwache anase mlio wa mashine ya kusaga kwa sekunde chache, kisha izime kabla hamjaanza kuongea. Wa gazeti atahitaji picha: shika bidhaa, lebo ikionekana, na waulize wafanyakazi wako kwanza kama wanaridhia kupigwa picha.

Sasa suala la bahasha. Mila zetu zinasema mgeni haondoki mikono mitupu, na wengi hutoa kwa moyo mweupe. Chai na kiazi mpe, asante sana. Fedha usimpe. Habari hailipiwi. Tangazo ndilo hulipiwa, kwa mkataba na risiti, ofisini. Anayekuambia hadithi yako haitatoka bila "mafuta ya pikipiki" hakufanyii kazi ya uandishi, na ninasema hivi nikiwa na uchungu na taaluma yangu.

Kabla hajaondoka, mwombe akusomee majina na namba alizoandika. Inachukua dakika moja. Kosa likitokea hata hivyo, mpigie mhariri ukiwa umetulia, umweleze sentensi ipi si sahihi na usahihi ni upi. Ikishindikana, lipo Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, ambalo hupokea malalamiko ya aina hiyo.

Siku kipindi kinaporushwa, simu iwe na chaji na awepo mtu wa kuipokea, na bidhaa iwepo. Nimewahi kuandika habari ya asali iliyokuwa imekwisha wiki mbili kabla ya gazeti kutoka. Wateja waliifuata, wakakuta ndoo tupu, na hawakurudi.

Nane Nane hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Waandishi tutapita kwenye mabanda kuanzia asubuhi, na swali la kwanza mnalijua.