Paperback Dreams: Kwa nini duka la vitabu linalopendwa hufungwa

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Filamu ya makala iitwayo Paperback Dreams, iliyotengenezwa na Alex Beckstead na kuonyeshwa katika vituo vya televisheni ya umma nchini Marekani mwaka 2008, inaitia methali hiyo majaribuni. Kwa muda wa kama saa moja, inasimulia habari za maduka mawili ya vitabu ya jimbo la California. Wateja waliyapenda kwa dhati, lakini yote mawili yalifikia hatua ya kufunga milango.

Maduka hayo ni Kepler's la mjini Menlo Park na Cody's la Berkeley. La kwanza lilianzishwa mwaka 1955 na Roy Kepler, mpenda amani aliyekataa kushika silaha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka uliofuata, Fred Cody na mkewe Pat walifungua la kwao karibu na Chuo Kikuu cha California.

Jina la filamu linatokana na vitabu vya jalada laini. Zama hizo wauza vitabu wengi waliviona kuwa bidhaa duni, vya kuuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa. Kepler na akina Cody waliona jambo jingine: kwa bei hiyo, hata mwanafunzi asiye na kitu angeweza kununua kazi za wanafalsafa na washairi wakubwa.

Muda si mrefu maduka hayo yakawa zaidi ya mahali pa biashara. Kepler's lilikuwa baraza la vijana, wakiwamo wanamuziki Joan Baez na Jerry Garcia. Wakati wa maandamano ya miaka ya 1960, Cody's liligeuzwa kituo cha huduma ya kwanza kwa waandamanaji waliojeruhiwa. Februari 1989, wakati wa mgogoro juu ya riwaya ya Salman Rushdie, The Satanic Verses, Cody's lilirushiwa bomu la moto. Wafanyakazi walikutana, wakakubaliana kuendelea kuiuza.

Duka lililostahimili bomu lilikuja kushindwa na hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mfano wa kitabu kilichopangiwa bei ya dola 25. Kwa kawaida mwenye duka hukipata kwa punguzo la takriban asilimia 40, yaani kwa dola 15. Katika dola 10 zinazobaki hutoka kodi ya pango, mishahara, umeme na usafiri, na faida ndiyo huja mwisho. Katika miaka ya 1990, makampuni yenye mtandao wa maduka makubwa, hasa Barnes & Noble na Borders, yalianza kuuza vitabu vinavyovuma kwa punguzo linalofika asilimia 30. Mwenye duka dogo akiifuata bei hiyo, kitabu kile huuzwa dola 17.50, naye hubakiwa na dola 2.50 tu.

Kisha ikaja intaneti. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza vitabu mwaka 1995, bila kulipia pango la barabara kuu. Aidha, hadi Septemba 2012 haikuwa ikiwatoza wanunuzi wa California kodi ya mauzo, inayozidi asilimia 7, ambayo duka la mtaani lililazimika kuitoza kwa kila kitabu. Ukazuka mtindo ulioyaumiza maduka kimyakimya: mteja huingia, hupekua vitabu, huuliza ushauri wa muuzaji, kisha hurudi nyumbani kuagiza kitabu kilekile kwa bei nafuu.

Andy Ross, aliyenunua Cody's mwaka 1977, alijaribu kujinusuru kwa kupanua biashara. Mwaka 2005 alifungua tawi katikati ya jiji la San Francisco, ambako pango ni ghali. Tawi hilo halikudumu. Lilifungwa mwaka 2007. Kabla ya hapo, Julai 2006, duka kuu la barabara ya Telegraph lilikuwa limekwisha kufungwa, na katika mwaka huohuo jina la Cody's likauzwa kwa kampuni ya Kijapani. Juni 2008, duka la mwisho likafunga milango.

Kepler's lilifungwa ghafla Agosti 31, 2005, likiwa limetimiza miaka 50. Wakazi wa mji walikusanyika mbele ya milango iliyofungwa. Menlo Park imo katikati ya eneo la makampuni ya kompyuta, na miongoni mwa waliojitokeza kuliokoa walikuwamo watu waliotajirika kwa teknolojia ileile iliyokuwa ikiliua. Wakazi wenye uwezo walinunua hisa, mwenye jengo akalegeza masharti ya pango, na wasomaji wakaombwa kuwa wanachama wenye kuchangia. Oktoba mwaka huohuo duka lilifunguliwa tena. Mwaka 2012 likapangwa upya: kampuni ikauza vitabu, na asasi isiyo ya kibiashara ikaandaa mihadhara na mikutano ya waandishi.

Matukio ya baadaye yameipa filamu uzito zaidi. Borders, jitu lililotisha maduka madogo, lilifilisika na kutoweka mwaka 2011. Maduka ya wanachama wa Chama cha Wauza Vitabu cha Marekani, yaliyokuwa 1,651 mwaka 2009, yalikuwa 2,470 mwaka 2018.

Tofauti ya Cody's na Kepler's haikuwa mapenzi ya wateja, kwa maana yote mawili yalipendwa. Baraza la mazungumzo, ushauri wa muuzaji na uhuru wa kupekua bila kununua vilitolewa bure, lakini gharama yake ilikuwa ndani ya bei ya kitabu. Pale bei hiyo ilipokataliwa, gharama ilibaki bila mlipaji. Kepler's lilipata watu waliokubali kuilipa kwa njia nyingine, Cody's halikuwapata.