Kilemba cha Haki na Kilemba cha Ukoka

Kitambaa cha kichwani ni kitu kidogo, na kwa udogo wake watu wengi hukipita bila kukitazama. Sisi twaona chastahili kutazamwa, maana katika mikunjo yake imo habari ya kudhalilishwa kwa watu wetu na ya kukombolewa kwao.

Zamani za utumwa, katika Unguja na miji ya mwambao, kichwa cha mtu kilitangaza cheo chake. Mwungwana alivaa kofia, na juu yake akazungusha kilemba. Mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Na mtumwa mwanamke alijifunga merikani au kaniki, kichwa kikabaki wazi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokombolewa hawakungoja kufundishwa maana ya uhuru. Wanaume walivaa kofia na kanzu. Wanawake walinunua kanga za rangi, doti kwa doti. Moja wakajifunga, ya pili wakajitanda kichwani. Kwa ujira mdogo wa kibarua walinunua heshima waliyonyimwa.

Tangu hapo nguo hiyo haikukaa bure. Mama wa shamba huikunja ikawa kata, akajitwika mtungi au mzigo wa kuni. Muuza samaki hufunga fedha zake katika pindo. Mchukuzi wa saruji hujifunga kitambaa puani asivute vumbi, kisha hukishusha shingoni akafutia jasho. Msibani wanawake hujitanda kanga, wala hakuna aulizaye nani tajiri na nani maskini. Ndugu zetu wa viwandani twawakumbusha jambo moja: karibu na mashine inayozunguka, ncha za kitambaa zisiachwe zikining'inia. Zifungwe nyuma na kuchomekwa, kwani mashine ikishanasa nguo haimwulizi mwenyewe.

Lakini kilemba kina maana nyingine. Mwanafunzi wa ufundi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, na mwoaji alipeleka kilemba kwa baba wa bibi arusi. Nguo yenyewe iligeuka fedha, jina likabaki: kilemba ni haki ya mtu aliyetaabika. Ndiyo sababu wazee, walipotaka kumsema mwenye sifa za uongo, walisema amemvika mwenziwe kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani ya malisho; jua likipanda, yamekwisha nyauka.

Basi na tujiangalie. Wako waajiri wanaosimama jukwaani kumsifu mwanamke mchuma karafuu kwa mikono yake hodari, na jioni wakampunja katika kipimo. Wako wanaomwita mfanyakazi nguzo ya taifa, na mwisho wa mwezi wakamwambia angoje. Sifa isiyofuatwa na ujira wa haki ni ukoka mtupu. Wajukuu wa wale walionyimwa kilemba wanadai kilemba cha nguo. Hawakukombolewa ili wavikwe majani.