Konstantani: Aloi ya Shaba na Nikeli katika Upimaji wa Joto na Umeme

Pwani ya Kilwa iliijua shaba mapema, kwani masultani wake walikuwa wakitoa sarafu za madini hayo karne kadhaa kabla ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505. Lakini shaba tupu, ambayo miongoni mwa metali hushindwa na fedha pekee kwa wepesi wa kupitisha umeme, haifai pale inapotakiwa kuuzuia umeme kwa kiasi kinachojulikana. Ikiyeyushwa pamoja na nikeli hupatikana aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ambamo atomi za nikeli huzikwaza elektroni zinazobeba umeme. Aloi yenye shaba takriban asilimia 55 na nikeli 45 huitwa konstantani, na ukinzani wake, yaani kadiri inavyoupinga umeme, ni karibu mara 29 ya ule wa shaba.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni uthabiti: joto likipanda nyuzi 30 za Selsiasi, ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 12, ilhali ule wa konstantani hubadilika kwa sehemu ndogo tu ya asilimia moja.

Konstantani hutumika pia kupimia joto. Katika mitambo ya gesi asilia, kama ile ya kisiwa cha Songo Songo wilayani Kilwa, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, joto halina budi kupimwa wakati wote. Kifaa kimojawapo cha kazi hiyo viwandani ni themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti, mathalani chuma na konstantani, zilizounganishwa ncha moja. Ncha hiyo ikipata joto kuliko ncha za upande wa pili, huzuka volti ndogo inayoonyesha tofauti ya joto. Konstantani ikiambatana na shaba hutoa takriban mikrovolti 40 kwa kila nyuzi moja.

Sifa hiyo ya kuzusha volti hugeuka kasoro katika vifaa vya kupimia mkondo kwa usahihi, kwa kuwa volti hiyo huchanganyika na ile inayopimwa. Ndiyo maana humo hupendelewa manganini, aloi ya shaba, manganizi na nikeli kidogo. Majiko ya umeme, yenye joto kali zaidi, hutumia aloi ya nikeli na kromiamu.

Mafundi wa pwani hii wanaokarabati themokapo wasiunge waya uliokatika kwa kipande cha waya wa kawaida, kwani ncha za kipande hicho zikitofautiana joto, kipimo kitadanganya.