Heliamu Haipitishi Joto, Inalibeba

Heliamu hugeuka kimiminika kwenye kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Mvuke wake ukizidi kunyonywa kwa pampu, hupoa huku ikitokota kwa fujo. Ikifika kelvini 2.17, mapovu hukoma ghafla na uso wake hutulia, ingawa bado inavukiza. Povu huhitaji sehemu iliyopata joto kuliko zilizo jirani. Hapa joto hutawanyika upesi mno hata sehemu ya namna hiyo haipatikani. Mwaka 1936, mjini Leiden, Uholanzi, Willem Keesom na binti yake Anna walipima hali hiyo, wakakuta heliamu inashinda shaba mara mamia kwa kupitisha joto, ilhali juu ya kelvini 2.17 ni kipitishi hafifu.

Hata hivyo, kuiita kipitishi bora ni kukosea. Katika upawa wa chuma uliosahaulika jikoni, joto hupokezanwa chembe kwa chembe, na tofauti ya halijoto kati ya ncha mbili ikiongezeka maradufu, joto linalopita nalo huongezeka maradufu. Vipimo vya Cambridge vya mwaka 1937 vilionyesha kwamba heliamu hii haiifuati kanuni hiyo. László Tisza, kisha Lev Landau, walieleza sababu: ndani yake mna mikondo miwili, mmoja wa kawaida unaobeba joto, na mwingine usio na mnato wala joto. Wa kawaida hutoka penye joto, na ule mwingine huelekea huko kushika nafasi yake.

Atauliza mtu: mbona hatuoni kimiminika kikihama? Ni kwa sababu mikondo hiyo hukabiliana, na uzito unaokwenda hulingana na unaorudi. Wala si hesabu za kubuni tu. Mwaka 1946 Elevter Andronikashvili alitumbukiza katika heliamu hiyo rundo la visahani vyembamba vinavyozunguka huku na huku, akaona kwamba kadiri baridi inavyozidi, ndivyo kimiminika kinachokokotwa navyo kinavyopungua.

Tofauti hii ina uzito kwa mafundi. Sumaku za LHC, mashine ya kugonganisha chembe, karibu na Geneva, hupozwa kwa heliamu ya kelvini 1.9 ili joto libebwe bila mapovu. Lakini mkondo una kikomo: joto likizidi, mtiririko huvurugika, na kadiri kelvini 2.17 inavyokaribia, sehemu isiyo na mnato hupungua hadi ikaisha. Anayeihesabu heliamu kama shaba iliyo bora zaidi hataona kikomo hicho mpaka sumaku yake ipate joto.