Sitaha ya Meli na Mambo Yaonekanayo Juu Yake

Watoto wa Kasulu na Kibondo hukua katika nchi ya milima na mabonde, wala hawana haja ya kufundishwa faida ya kusimama mahali palipoinuka. Mchungaji akiwa bondeni huona mbuzi wachache walio karibu naye tu. Akipanda kilima huwaona wote mara moja. Watu wa vyomboni nao wamelijua jambo hili tangu zamani.

Sakafu ya meli huitwa sitaha. Meli kubwa huwa na sitaha nyingi, moja juu ya nyingine, kama orofa za nyumba. Zile za chini zimefunikwa, na ndani yake hukaa mizigo, injini na vyumba vya kulala. Zile za juu ziko wazi, na huko abiria hupunga upepo na kutazama maji. Katika somo hili tutaeleza sitaha iliyo wazi imefanywa namna gani, kwa nini mtu aliye juu yake huona mbali, na kwa nini mahali hapo pa raha paweza kugeuka kuwa mahali pa msiba.

Meli iliyo mashuhuri kuliko zote katika Ziwa Tanganyika ni Liemba. Iliundwa katika mji wa Papenburg, nchi ya Ujerumani, mwaka 1913, na jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa gari la moshi. Huko iliungwa tena, ikashushwa majini mwezi wa Februari 1915. Mwezi wa Julai 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui zao wasiipate. Waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ule mto upokeao maji ya nchi zetu za juu. Lakini kwanza walizipaka injini mafuta mazito zisiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakaona injini zingali zafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena, nayo ikaitwa Liemba, kwa jina la kale la ziwa lenyewe.

Meli hii ina urefu wa mita 71 hivi. Abiria wengi waliosafiri ndani yake walipenda kukaa juu, kwa maana chini mna joto na ngurumo ya injini. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa havina gati, kwa hiyo meli husimama majini, na mitumbwi huijia ubavuni kupakia na kupakua watu, magunia na samaki wakavu. Mtu aliyeegemea ukingo wa sitaha aliona soko zima likielea majini chini yake.

Ukiitazama sitaha vizuri utaona ya kwamba haikufanywa ovyo. Kwanza, mara nyingi sakafu yake haikunyoka sawasawa, bali katikati imeinuka kidogo, na pande zote mbili imeshuka. Kwa hiyo maji ya mvua na ya mawimbi hayatuami, bali hutiririka kandokando na kutoka katika matundu yaliyowekwa huko. Pili, imezungukwa na ukingo wenye kumfika mtu mzima kifuani au karibu na hapo, asije akatupwa majini chombo kikiyumba. Tatu, sehemu nyingine hufunikwa turubai, maana juani mtu huunguzwa mara mbili: na jua la juu, na mng'ao wake urudio kutoka majini. Nne, juu ya sitaha huwekwa mashua na maboya ya kuokolea watu. Vitu hivi havikuwekwa kwa pambo. Mtu mwenye busara, kabla hajatazama milima, hutazama maboya yako wapi.

Sasa tuulize: kwa nini aliye juu huona mbali kuliko aliye chini? Sababu ni kwamba dunia ni mviringo. Fikiri siafu atambaaye juu ya mtungi mkubwa. Hawezi kuona upande wa pili, kwa kuwa tumbo la mtungi linamzuia. Akipanda kijiti kilichosimamishwa juu ya mtungi, ataona mbali kidogo zaidi. Na sisi vivyo hivyo. Mtu asimamaye ufukoni, macho yake yakiwa mita moja na nusu hivi juu ya maji, huona maji kwa kilomita 4 na zaidi kidogo tu, kisha maji yanainama na kujificha. Macho yake yakiwa mita 4 juu ya maji, huona kilomita 7 hivi. Yakiwa mita 16, huona kilomita 14. Yakiwa mita 64, huona kilomita 28. Angalia hesabu hii: ili kuona mbali mara mbili, ni lazima kupanda juu mara nne.

Huenda msomaji akauliza, "Upana wa ziwa letu ni kama kilomita 50. Mbona mtu akiwa Kigoma, siku ya hewa safi, huiona milima ya Kongo?" Jibu lake ni kwamba milima nayo imesimama juu. Maji ya ng'ambo yamefichwa, na miguu ya milima imefichwa, lakini vichwa vyake vimeinuka juu ya maficho hayo. Kadhalika kilele cha Nkungwe, katika milima ya Mahale, kina mita 2,462 juu ya bahari, na ziwa lenyewe liko mita 773 hivi. Kwa hiyo kilele hicho kimelipita ziwa kwa mita karibu 1,700, na abiria aliye sitahani aweza kukiona muda mrefu kabla hajaiona pwani iliyo chini yake.

Katika bahari kuu siku hizi zimo meli zilizoundwa kwa matembezi tu, ambazo abiria wake hulipa fedha nyingi ili wayatazame maji. Meli moja iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwezi wa Januari 2024, ina urefu wa mita 365, yaani kama Liemba tano zikipangwa mstari mmoja, nayo ina sitaha 20. Vyumba vyake vingi vina baraza ndogo upande wa bahari, ili mtu aketi peke yake na kutazama. Meli refu hivi kwenda juu haipinduki, kwa sababu vitu vizito, kama injini na matangi, vimewekwa chini kabisa. Manahodha wa majahazi ya pwani walikuwa wakifanya vivyo hivyo kwa mawe na mchanga, navyo huitwa farumi, yaani uzito wa chini wa kutuliza chombo. Uzito wa chini hukituliza chombo, na uzito wa juu hukiyumbisha.

Hapo ndipo ilipo hatari. Watu ni uzito, tena ni uzito utembeao. Tarehe 24 Julai 1915, katika mji wa Chicago huko Marekani, meli iitwayo Eastland ilikuwa ingali imefungwa gatini, imejaa watu kama 2,500 waliokuwa wakienda kutembea. Meli hiyo ilikuwa na desturi ya kulala upande, na tena ilikuwa imeongezewa mashua za kuokolea juu yake, ikazidi kuwa nzito kichwani. Wengi wa abiria walikuwa wamesongamana katika sitaha za juu. Meli ililala upande, ikapinduka palepale mtoni, mita chache tu kutoka nchi kavu, wakafa watu 844. Hapakuwa na dhoruba wala mwamba.

Wala si mbali tu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kiitwacho MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kilipokuwa kinakaribia kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101, lakini waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 200. Basi abiria amwambiapo mwenzake, "Sogea, mtu mmoja zaidi haidhuru," na akumbuke hesabu hiyo.

Kinyume chake, tazama kazi ya Liemba mwezi wa Mei 2015. Maelfu ya watu walikimbia machafuko ya Burundi, wakakusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya ziwa na milima. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kati yao, na kila mtu alitamani kuondoka siku ile ile. Liemba iliwachukua kama 600 kwa safari moja, ikawashusha Kigoma, ikarudi kuwachukua wengine, siku baada ya siku. Kutoka Kigoma walipelekwa Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu, na baadaye mwaka ule wengine walikaa Nduta katika wilaya ya Kibondo. Hao hawakupanda sitahani ili watazame milima, bali waliipanda ili wapone. Na kungoja zamu ni sehemu ya kupona.

Basi siku utakapopanda meli, furahi na kutazama, maana maji na milima ni vizuri kuona. Lakini shika haya matatu: jua boya lako liko wapi; usikimbilie upande mmoja pamoja na watu wengi, hata kama kuna jambo la ajabu la kutazama; na chombo kikiwa kimejaa, ngoja kingine.

Maswali

1. Kwa nini sakafu ya sitaha imeinuka katikati?
2. Mtu ambaye macho yake yako mita 4 juu ya maji huona kilomita 7. Akitaka kuona kilomita 14, apande mpaka mita ngapi?
3. Eastland haikupigwa na dhoruba. Ni nini basi kilichoipindua?