Pikipiki inakimbia namna nyumba yake inasikilizana

Tunapoangalia mbio za pikipiki kwenye televizio, macho yetu yanaenda kwa mutu mwenye kukaa juu ya kiti. Kama ameshinda, tunasema: ni yeye. Kama ameshindwa, tunasema: pikipiki ni mbaya. Lakini kuko kitu cha tatu chenye hatuonake: namna watu wa kampuni wanasikilizana wao kwa wao.

Tuchukue Valentino Rossi, yule Muitalia. Mwaka wa 2003 alikuwa Honda, na alishinda mara 9 kwa mashindano 16. Yamaha, wao, hawakushinda hata moja. Na ni kwa hao Yamaha Rossi akahamia! Yeye mwenyewe alieleza kama kwa Honda walikuwa wanaona pikipiki ndiyo inaleta ushindi. Mwenye kuiendesha anaweza kubadilishwa tu.

Kule Yamaha, mukubwa wa ufundi, Masao Furusawa, alimutayarishia moteri ine za namna mbali-mbali, kiisha akamuachia achague. Fundi wake Jeremy Burgess naye alitoka Honda, akamufuata. Tarehe 18 mwezi wa 4 mwaka wa 2004, huku kwetu Afrika, katika Welkom, Afrika ya Kusini, Rossi akashinda mashindano ya kwanza kabisa, akaibusu ile pikipiki. Mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia. Yamaha walikuwa wanangojea toka 1992.

Basi tuseme ni Rossi tu? Hapana. Mwaka wa 2011 akaenda Ducati, na Burgess yule yule. Miaka mbili, ushindi sifuri. Alilalamika kama gurudumu la mbele halimupe uhakika. Wakabadilisha chasi, shida ikabaki. Ni Gigi Dall'Igna, mwenye kufika mwisho wa 2013, ndiye alifanya wenye kuchora pikipiki kiwandani na wenye kuitengeneza uwanjani waongee kila mara. Mwaka wa 2022 Francesco Bagnaia akaleta taji, la kwanza kwa Ducati toka 2007.

Feza iko na kazi yake, hatukatae. Lakini waulizeni ndugu zetu wa taxi-moto: kama mwenye pikipiki anakataa kusikia dereva wake akisema freni imechoka, hata pikipiki mupya haifike mbali.